Risala ya klabu yetu ya uandishi kwa mgeni rasmi, Kigoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wanaklabu wenzangu, shikamooni wakubwa, na wadogo zetu hamjambo.

Karibu sana Kigoma mwisho wa reli. Tumefurahi umekuja maana siku zote tunasomeana sisi kwa sisi, leo kuna sikio jipya na kwetu hiyo ni zawadi tayari, kabla hata ya maombi yetu huko mbele.

Tunakutana Jumamosi mchana. Mtu anasoma kazi yake kwa sauti wengine wote kimya, akimaliza ndo tunaichambua, wapi hatujaelewa, mazungumzo gani hayafanani na watu wa huku, na hakuna kuoneana aibu, kuna wenzetu shairi wameliandika upya na upya mpaka vina na mizani vikakaa, nane kwa nane kila mshororo.

Ila kazi tunayojivunia zaidi ni kukusanya habari za kwetu. Mheshimiwa, mtu akiandika kuhusu Kigoma utakuta ni Stanley kamkuta Livingstone Ujiji 1871, basi, kama vile wenyeji hawakuwepo. Sisi tunauliza, ile mizigo yote kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji ilibebwa na nani? Mwenzetu wa kidato cha tatu kaandika hadithi ambayo mpagazi ndo anasimulia, kashusha mzigo anaangalia ziwa, na yule mzungu mgonjwa anamuona kwa mbali tu, ana mawazo yake mengine kabisa, ya mke na shamba. Ni nzuri sana kwa kweli.

Pia tunaenda mwaloni Kibirizi kuongea na wavuvi, na hatuendi siku yoyote tu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo wakati wa giza wavuvi usiku wako ziwani na mchana wamelala, ukienda unawasumbua. Tunasubiri mbalamwezi, mwezi ukiwaka taa haina kazi, wanakaa wanashona nyavu na hapo stori zinatoka zenyewe, za dhoruba, za ndugu waliopotea ziwani, za enzi za Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913 ikazamishwa vitani 1916 ikaopolewa 1924 na kuanza safari 1927, wazee wanakwambia vijiji visivyo na gati watu waliifuata kwa mitumbwi usiku, mtu ana kuku mkononi na mtoto mgongoni. Wazee hawa wanaondoka mheshimiwa. Kuna tuliopanga kurudi kwao tukakuta msiba.

Sasa shida yetu kubwa ni kuchapa. Kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, zilianza kutolewa 2023, mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10, na sisi tunataka Kigoma itajwe pale, lakini kazi zetu ziko kwenye daftari na steshenari wanachaji kwa kila ukurasa, mwanafunzi mwenye riwaya ya kurasa mia na ushee atatoa wapi hela? Tunaomba kompyuta moja, hata iliyotumika, na printa. Tunaomba na kabati lenye kufuli maana daftari zote zinakaa nyumbani kwa mwenyekiti na masika bati linavuja, maji yakiingia mle hatuna nakala nyingine. Vitabu vya hadithi na mashairi navyo tutapokea, hata vya zamani.

Ombi la mwisho halina gharama. Kwenye bahasha hii kuna kazi chache za wanachama, tunaomba uzisome ukipata nafasi, ukosoe kwa kalamu nyekundu kabisa halafu uturudishie, hatutaki kusifiwa tu.

Baada ya hapa wenzetu wawili watasoma, mmoja ile hadithi ya mpagazi na mwingine shairi la wavuvi. Karibu usikilize.

Ahsante sana.

Katibu, kwa niaba ya wanaklabu wote.