Nimeapa nisiseme, na mume wangu anaingia lindo na silaha

Dada mshauri,

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Mkoani, Pemba. Mume wangu ni askari wa kikosi kimoja cha SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), mzamiaji.

Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama Nungwi ikija huku kwetu, yeye alikuwa miongoni mwa waliotoa maiti. Wengine aliwajua kwa sura. Alirudi akalala siku mbili, ya tatu akaripoti kazini. Hakuna aliyemkalisha kumuuliza. Hata mimi sikumuuliza. Nilidhani mwanamme akinyamaza ameshasahau.

Tangu hapo samaki hali. Mtu aliyekulia pwani! Nikikaanga hutoka uwanjani mpaka harufu iishe. Mikono huiosha kwa ndimu, akainusa, akaiosha tena. Kila Septemba ikikaribia usingizi humkimbia, na mwaka huu haujarudi.

Mwezi uliopita alilipa madeni yote ya dukani, na saa yake ya kuzamia akampa mdogo wangu. Kisha akamchukua mtoto wetu wa kwanza mpaka shamba, akamwonyesha mkarafuu mmoja mmoja: huu wako, huu wa dada zako. Mtoto alirudi na furaha. Mimi miguu iliniisha nguvu.

Usiku ule nilimuuliza waziwazi, "Baba, unawaza kujiua?" Nilichelea nisije nikamtia wazo asilokuwa nalo. Kumbe analo siku nyingi. Alilia, akanieleza mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi alikunywa chai yote, jambo ambalo sikuliona kwa wiki nzima. Lakini aliniapisha: kambini wasijue. Mwenzao mmoja aliwahi kusema hayuko sawa, wakamwita "mtu wa Kidongo Chekundu", yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili, mpaka akaomba uhamisho.

Mamamkwe anamletea kombe, aya za Kurani zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, naye anakunywa. Sala haimpiti. Kwa hiyo wanaosema haya ni upungufu wa imani wananiumiza sana. Mimi naona ni maradhi, kama presha ilivyo maradhi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka; wote hao hawakuwa na imani? Na siku ya dunia ya kuzuia kujiua, nimesikia redioni, ni hiyo hiyo Septemba 10. Niliposikia nilikaa kitako.

Kinachonikosesha raha ni lindo. Nyumbani tunamwangalia, kaka yangu amehamia kwetu, hatumwachi peke yake. Lindoni anakaa usiku kucha, yeye na bunduki. Nikimwendea mkubwa wake, pengine cheo kitapotea, na mume wangu hataniambia tena lililomo moyoni. Nikinyamaza, naogopa hata kuandika. Kiapo kina kafara, nitaitoa, hilo halinishindi.

Dada yangu, nianze kwa nani: daktari wa hospitali ya hapa, sheikh wake anayemsikiliza, au mkubwa wake moja kwa moja? Na kwa mkubwa nisemeje, afahamu kuwa naomba mtu aondolewe silaha kwa muda, si aondolewe kazi? Tena mume wangu nimwambie kabla sijaenda, au baada?

Nijibu mapema, tafadhali. Zamu yake nyengine ni Jumanne.

Mama wa watoto wanne,
Mkoani, Pemba