Barua kwa Zaina: damu ya mama inakwenda wapi?

Busia, Jumapili jioni

Mpenzi Zaina,

Asalaam alaykum. Natumaini hamjambo nyote huko Arua, na Kaisi ameshapona mguu. Sisi wazima, Hajati anakusalimu sana. Habari za harusi ya Sauda nitakuandikia siku nyingine, leo sina moyo nazo.

Tangu juzi nausikiliza ule ujumbe wako wa sauti. Mama ameongezewa damu chupa mbili, amerudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu, na hii ni mara ya tatu. Halafu ukasema, "Ni uzee tu, dada." Zaina, uzee haunywi damu. Mama ana miaka 63, hedhi ilikatika zamani. Hiyo damu inakwenda wapi?

Ulipokuja msibani kwa mjomba Juma uliniuliza alikuwa akiumwa nini, nikakujibu vidonda vya tumbo. Haikuwa hivyo. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, upande wa kulia, na ilipogunduliwa ilikwishafika kwenye ini. Wazee walitaka tuseme tumbo, nami nikasema tumbo. Lakini kuna jambo ambalo hata nyumbani sijalitamka: damu yake niliipima mimi.

Alikuja maabara akihema, baiskeli ameikokota. Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 8.1, na mwanamume akishuka chini ya 13 tayari tunasema ana upungufu wa damu. Chembe zake chini ya hadubini zilikuwa ndogo, zimepauka, kama za mtu aliyeishiwa madini ya chuma. Malaria hakuna. Nikapima choo, mayai ya minyoo ya safura sikuona hata moja. Nikaandika yote hayo, na bado akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, kwa sababu huku kwetu kila aliyepungukiwa damu ana safura au malaria. Nami nilijua choo hakikuwa na kitu, nikanyamaza. Miezi miwili baadaye damu ilipanda hadi 9.6, tukafurahi! Kumbe tulikuwa tunajaza mtungi uliotoboka.

Nimekaa na hesabu hii usiku mwingi. Mililita 1 ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya chuma, na mwili hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Basi kijiko kimoja cha chai cha damu, mililita 5 hivi, kikivuja kila siku, akiba inakwisha, na kijiko hicho kikichanganyika na choo hakuna jicho litakalokiona. Upande wa kulia utumbo ni mpana na choo bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe hukua bila kuziba wala kuuma. Dalili ya kwanza inaweza kuwa uchovu tu, na ule weupe wa ndani ya kope.

Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilitoa mwongozo: mwanamume yeyote, na mwanamke aliyekoma hedhi, akiwa na upungufu wa damu wa kukosa chuma, aangaliwe kwa kamera juu na chini, tumbo na utumbo mpana, hata kama haumwi popote. Katika tafiti walizozikusanya, karibu 9 kati ya 100 walikutwa na saratani huko chini. Najua hao si watu wetu wenye safura na kichocho, na huenda mama hana kitu kibaya kabisa, labda ni kidonda kinachotibika. Lakini hata kwa mjomba tulipaswa kuuliza: hiyo damu inakwenda wapi?

Chuoni tulifundishwa habari za Denis Burkitt, yule daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika mwaka 1971 kwamba Waafrika hawapati sana saratani hii kwa sababu ya vyakula vyenye nyuzinyuzi. Huenda kuna ukweli ndani yake. Ila mjomba alikula mtama, maharage na mboga ya dodo maisha yake yote.

Mtu akikuambia kuna kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana, ni kweli, na ni kizuri kwa mtu mzima asiye na dalili yoyote. Marekani huanza wakiwa na miaka 45. Mama ameshapita hatua hiyo, maana tayari ana dalili. Kikitoka safi, usitulie, maana uvimbe hauvuji kila siku. Omba barua ya rufaa ya kipimo cha kamera, na kama Arua hawafanyi, mlete Kampala. Wamwambie mapema siku ya kuacha vidonge vya chuma, kwa kawaida kama wiki moja kabla, kwani hufanya choo kiwe cheusi wasione vizuri ndani ya utumbo. Dawa ya kusafisha tumbo itamchosha, uwe naye.

Najua ataona haya. Mjomba naye aliona haya, na mimi niliona haya kumuuliza mjomba wangu habari za choo chake.

Sasa nijibu, tafadhali. Kabla ya kuongezewa damu ilikuwa ngapi? Walimpima feritini, ile inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, au himoglobini peke yake? Choo chake kilikuwa cheusi hata kabla ya vidonge? Amepungua, nguo zinamlegea? Kuna mtu wa kwenu aliyewahi kuugua utumbo, yule baba yake mdogo wa Koboko alikufa kwa nini hasa? Na nauli mnayo? Karatasi zote za maabara zipige picha unitumie leo hii, hata zilizokunjamana. Nina likizo kuanzia tarehe 14, nikutane nanyi Kampala?

Wako,
Salama