Idi njema, na habari ya hisani kidogo

Eid Mubarak wapendwa, minal aidina wal faizina, Mungu azikubali funga zetu, na wale tuliofunga nao mwaka jana na mwaka huu hawapo, Mungu awarehemu.

Mwezi mzima hili neno hisani limepigwa mpaka masikio yamezoea, futari ya hisani, mechi ya hisani, kwenye tivii kila kipindi "kimekujia kwa hisani ya" kampuni fulani, yaani limebaki kama stika ya mdhamini tu. Na lenyewe ni neno zito, ni Kiarabu, ihsani, mzizi wake h-s-n, ndani yake mna uzuri. Humo humo ndo wametoka kina Hassan, Hussein, Muhsin na Husna, hata hii asante yetu ni ahsanta, umefanya vizuri, kwa hiyo kila ukimshukuru konda umemsifia kazi yake, hata kama chenji kakupunja 😂

Sasa kumbe hisani kwa asili sio kutoa, ni kukifanya kitu vizuri. Malaika Jibril alipomuuliza Mtume (SAW) ihsani ni nini, jibu halikugusa pesa wala chakula, aliambiwa ni kumuabudu Mungu kana kwamba unamwona, na kama wewe humwoni basi yeye anakuona. Anakuona bana! Halafu mtu anampa bibi kizee kilo mbili za mchele, simu tatu zinarekodi, bibi geuka huku, inua mfuko juu nembo ionekane... kutoa katoa, sikatai, ila hisani hapo siioni. Suratul Baqara aya ya 264 imeshakataza, tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi, yaani kumsimanga mtu kwa ulichompa, na maudhi.

Bibi yangu mimi zakatul fitri, ile zaka ya chakula ya kumalizia Ramadhani, alikuwa anaitoa pishi kwa kila kichwa, vibaba vinne, hata kichanga kimo, na mchele ni ule ule anaopika yeye, anaupeta, anaketi na ungo anachagua chuya na vijiwe kimoja kimoja, halafu kibaba anakijaza mpaka kinamwagika, hakisawazishi na kiganja kama muuza duka. Usiku wa kuamkia Idi tunatumwa watoto kupeleka, maana ikitoka baada ya swala inahesabiwa sadaka ya kawaida tu, na amri yake ilikuwa moja, ukishakabidhi geuka urudi, usisimame kungoja kushukuriwa. Asubuhi sasa sahani ya pilau imefunikwa kawa inakwenda kwa jirani Mkristo, na Krismasi ile sahani inarudi na chapati, tupu hairudi ng'o.

Haya, leo kuleni taratibu, matumbo yamelala mwezi mzima, na wenye nia ya zile funga sita za mwezi wa Shawwal Mungu awape wepesi. Mkono wa Idi kwa simu napokea, ila mkituma wekeni na ya kutolea jamani.