Cherehani ya Mama kwanza

Busan, Korea Kusini

Mdogo wangu Ouma,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, baridi tu, na hiyo tuiache. Juzi mashine ya kufuma iliyowashinda mafundi siku mbili niliifungua mimi, nikakuta sindano moja imepinda. Msimamizi alinipigia makofi mbele ya zamu nzima! Jioni ukafika ujumbe wako: nitume pesa za bale ya mitumba ukauze soko la Kibuye, na cherehani ya Mama umeiweka rehani.

Cherehani ya Mama, Ouma. Ile iliyotulipia karo tangu siku Baba aliporudi na ovaroli yake mkobani, kiwanda kimefungwa.

Baba mdogo husema Kisumu haina bahati ya viwanda. Msomee hapa. Mwaka 1979 kampuni ya nguo ya Desh ya Chittagong, Bangladesh, ilileta wafanyakazi 130 papa hapa Busan, wakafunzwa miezi sita na Daewoo, kampuni ya Wakorea. Haikuwa sadaka: nguo za Wakorea zilikuwa zimewekewa kikomo Marekani na Ulaya, Bangladesh bado ilikuwa na nafasi. Lakini waliporudi, wengi hawakukaa sana Desh. Walikwenda kuanzisha au kuendesha viwanda vingine. Leo tazama vibandiko vya hizo nguo unazotaka kuuza, uhesabu Bangladesh ni ngapi.

Wajapani walipita njia hiyo kabla ya Wakorea. Miaka ya 1930, mwanauchumi wao Kaname Akamatsu alieleza jinsi walivyonunua vitambaa vya kigeni, wakajifunza kufuma vyao, kisha wakaviuza nje. Nchi zinazofuatana hivyo alizifananisha na bata bukini wanaoruka, mmoja mbele, wengine wakimfuata. Busan nayo ilishona viatu vya dunia, mishahara ikapanda, kazi ikahamia Indonesia, Uchina na Vietnam. Itahama tena, Ouma, nami nataka ikifika kwetu imkute Akinyi wetu anajua kazi. Bale itatuacha palepale pa kununua.

Kwa hiyo pesa za bale sitatuma. Nimemtumia Mama za kuikomboa cherehani, na za Akinyi kujifunza ushonaji. Waambie hivyo wale waliosema kwenye kikao cha nyumbani kuwa nimekuwa mchoyo.

Jana nilinunua dagaa wakavu soko la Jagalchi, nikawakaanga kwa nyanya na kitunguu kama omena wa Dunga. Nilikula nikilia.

Nitumie picha ya cherehani ikisharudi chini ya dirisha.

Dada yako,
Atieno