Ghala la baridi lipande Kyengera, lisishuke Lubigi

Mhariri,

Anayetaka kujenga ghala la baridi Kampala huuliza kwanza bei ya kompresa, mashine inayosukuma gesi ya kupozea. Kwetu sisi tunaofunga mitambo hiyo, swali la kwanza ni kiwanja. Kompresa ikifa hubadilishwa. Kiwanja kibaya utakaa nacho.

Maziwa na nyama kutoka magharibi huingia kwa barabara ya Masaka. Eneo la viwanda la Namanve lina nafasi, lakini liko mashariki: lori la Mbarara huzunguka Northern Bypass yote, barabara ya kukwepa katikati ya jiji, kilomita 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, kisha mzigo urudi mjini kwa foleni ya Jinja Road. Magharibi panahitaji ghala lake. Busega ndipo barabara ya Masaka, bypass na barabara ya kasi ya Entebbe zinapokutana, kwa hiyo kila mtu anapatolea macho. Tatizo ni kinamasi cha Lubigi.

Chumba cha nyuzi -18 hupoza hata udongo ulio chini yake. Udongo wa kinamasi umeshiba maji, na maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9, huku barafu ikizidi kuvuta mengine kutoka chini. Sakafu huinuka katikati kama mgongo wa kobe. Mlango haufungi sawasawa, hewa yenye unyevu inapenya, barafu inaziba koili (mabomba yanayopoza hewa ya chumba), na kompresa inanguruma usiku kucha bila kufikisha baridi. Fundi huitwa kutengeneza kompresa isiyo na kosa lolote! Povu gumu la kuzuia baridi, la sentimita 15 chini ya sakafu, huchelewesha tu kuganda huko. Lazima chini yake zipite nyaya za joto au mabomba ya hewa, na mabomba hayo yakijaa maji ya mafuriko hayana kazi. Mjenzi apande Kyengera, kando ya barabara hiyo ya Masaka, kwenye kilima kikavu, hata kama bei ya kiwanja inauma.

Mitambo mikubwa hutumia amonia. Gesi hiyo ikifika sehemu 300 kwa milioni hewani ni hatari kwa uhai, kwa hiyo isikae ukuta kwa ukuta na shule au nyumba za kupanga. Masokoni, Nakasero au Kalerwe, vitoshe vyumba vidogo vya mzigo wa siku moja au mbili, visivyotumia amonia. Kalerwe hufurika, basi swichi na mota zifungwe juu ya alama ya maji ukutani. Tena visiwe chumba kimoja kwa kila kitu: maziwa yanataka nyuzi 4, lakini nyanya zinataka kama 12, na ndizi zikishuka chini ya 13 maganda huwa meusi.

Tunaomba KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) na wilaya ya Wakiso, kabla ya kupitisha ramani, wadai kipimo cha kina cha maji ardhini kilichochukuliwa msimu wa mvua, umeme wa fezi tatu wenye transfoma yake pamoja na jenereta, na uwanja wa mita 35 hivi mbele ya milango ili lori la futi 40 ligeuke bila kuziba barabara.

Mafundi wa mitambo ya baridi,
Kampala