Mwanangu, Kile Kikopo

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleykum. Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako miguu inamsumbua, siku hizi anaswali kwenye kiti, lakini anakula na anakusalimia sana. Naandika kwa sababu kwenye simu nikigusa tu habari ya ngozi unaniambia una kipindi, unakata.

Shangazi yako alipopita Dodoma alilala chumbani kwako. Usimkasirikie, hakuja kukusengenya. Ameniambia mambo mawili tu: kwamba ulitoka kuoga ukavaa shati la mikono mirefu humo humo ndani, saa nane mchana, jua linawaka, na kwamba juu ya kabati lako kuna kikopo cha krimu kisicho na jina la kiwanda, kimeandikwa kwa kalamu tu, "mikono". Tangu siku hiyo silali vizuri. Kile kikopo umekipata kwa nani? Aliyekichanganya ametia nini?

Najua kilichokupeleka huko. Mdogo wako Salma naye vipele vimemtoka, juu ya mikono na mapajani, vile vile vya kukwaruza kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Safari hii sikuanza dukani. Nilimpeleka hospitali, tukapata daktari kijana aliyesomea ngozi KCMC kule Moshi. Alimsogeza dirishani kwenye mwanga, akaweka kioo cha kukuzia juu ya kipele kimoja, akaniita nitazame. Nikaona kinywele kimejikunja chini ya ngozi kama uzi uliokosa njia, na juu yake kizibo cheupe kama chembe ya chumvi. Akasema hicho cheupe ni keratini, hiyo hiyo inayotengeneza kucha. Ngozi inaizidisha, inaziba tundu la nywele, ndipo kipele kinainuka. Jina lake akaliandika kwenye kadi: keratosisi pilarisi. Si fangasi, si upele, haiambukizi, haidhuru kitu. Vijana wengi mno wa umri wenu wanayo, na wengi huwapungua wakikaribia miaka 30. Ni ya kurithi, na huwapata zaidi wenye ngozi kavu. Akauliza nani mwingine nyumbani anayo. Nikapandisha mkono wa dera nikamwonyesha wangu.

Halafu akasema tena, "Mama, wala si uchafu." Nilinyamaza. Dodoki lile na lile jiwe la kusugulia miguu unavijua wewe kuliko mimi. Kumbe kusugua kunaichubua ngozi na kuizidishia, na kwa ngozi yetu nyeusi kila kidonda kidogo kinaacha doa la miezi. Kwa hiyo yale madoa ya mkono wako wa kushoto usijilaumu, hukujitia peke yako. Na ile tyubu ya krimu ya kwanza kabisa, ulipokuwa kidato cha pili, ilitoka mkobani mwa nani? Niliambiwa dukani kwamba inatibu kila kitu, nikaamini. Basi.

Lakini wewe nawe! Wewe ndiye unayetusomea karatasi za dawa za bibi, wewe ndiye ninayemtaja kila ninapokaa na watu, mwanangu yuko chuo, mwaka wa tatu huu. Halafu unapaka mkorogo usiojua umetoka jiko gani? Nisikilize. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, TBS wanavikamata na kuviteketeza, lakini bado vinauzwa kwa kificho, na vikopo visivyo na jina ndivyo vinavyopita kirahisi. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ukiipaka muda mrefu inaweza kukuachia ngozi ya rangi ya bluu na nyeusi, na rangi hiyo ni shida kutoka. Steroidi kali kama klobetasoli, dawa ya kutuliza ngozi iliyovimba, ndiyo inayodanganya zaidi, maana wiki za mwanzo mkono unalainika, unasema nimepata dawa. Halafu ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, ukikwaruzwa kidogo unachubuka. Hayo yote kwa ajili ya vipele ambavyo hata ukiviacha vilivyo havikudhuru!

Nilitaka kukuambia ukitupe leo leo. Daktari akanirekebisha. Kama umekipaka miezi mingi, tena sehemu kubwa ya mwili, usiache kimya kimya, maana ngozi iliyozoea steroidi inaweza kulipuka kwa wekundu na kuwaka moto ukiikatia ghafla. Nenda zahanati ya hapo chuoni na kikopo chako mkononi, waambie ukweli ulianza lini na unapaka wapi. Kabla hujaenda Njombe. Si baada ya kurudi.

Njombe ndiyo inayonitia hofu ya pili. Unakwenda field mwezi wa saba, baridi ya kule inakausha ngozi, na vipele hivi vinapenda ukavu. Utaona vimezidi, utatafuta kikopo kingine. Kwa hiyo shika haya. Najua kwenye baridi utataka maji yanayofuka moshi. Oga ya vuguvugu tu, usikae muda mrefu bafuni. Sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, kwa kiganja. Jifute kwa kugusagusa, na kabla mwili haujakauka vizuri paka mafuta. Vaselini inatosha, glisirini nayo nzuri.

Ukitaka vilainike zaidi, uliza famasi krimu yenye urea asilimia 10, au losheni yenye asidi ya laktiki. Urea ya famasi, iliyotengenezwa kwa ngozi, siyo mtu akuchotee kwenye mfuko wa mbolea akuchanganyie. Anza mara moja kwa siku. Ikiwasha, ruka siku moja. Usipake penye kidonda wala siku uliyonyoa mikono. Na usihesabu siku, hesabu wiki: nne, sita, ndipo mkono unaanza kubadilika, na ukiacha vinarudi. Salma ana wiki ya tano sasa. Jana usiku nilimpitishia kiganja akiwa amelala, havijaisha lakini havikwaruzi kama mwanzo.

Usivitumbue. Nakujua, ukiwa unasoma vidole vinakwenda vyenyewe.

Baba yako amebadilisha bati mbili za jikoni, mvua za masika ziliingia mpaka kwenye unga. Kuku wako wa madoa ameangua saba, mwewe kachukua wawili. Salma mwezi ujao ana mtihani wa moko na hisabati inamtesa, mpigie umwelekeze, wewe anakusikia. Ile hela uliyoniomba ya "vitu vya kike" nimeituma yote, na sikuuliza kwa sababu sikutaka kujua. Safari hii nakuuliza: ilinunua nini?

Parseli yako inapanda basi la Jumamosi asubuhi. Nimeweka sweta mbili, soksi za baba yako, dagaa, na chupa ya mafuta ya nazi ambayo bibi ameyapika mwenyewe, moto mdogo, akiwa amekaa kwenye kiti chake. Amesema upake ukishatoka kuoga. Mfuniko nimeuzungushia nailoni, ukiifungua isimamishe kwanza. Chukua kitambulisho uende nacho stendi.

Ukishatoka zahanati nipigie, piga ya video, na uvae mikono mifupi. Nataka nikuone.

Mama yako