Mtoto asifanywe mkalimani wa mama yake hospitalini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo nililolibeba tangu nikiwa na umri wa miaka tisa. Wazazi wangu wote wawili ni viziwi, mimi nasikia. Tangu nilipoweza kupanga sentensi nimekuwa mkalimani wao: kwa mjumbe, dukani, msibani, hata shuleni kwangu mwenyewe mwalimu alipomwita baba ili anishtaki. Zaidi ya kote, hospitalini.

Siku ninayoisema mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulikwenda kliniki katika kituo kimoja cha afya, mimi na yeye. Muuguzi akaweka tumboni kile kikombe cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Kisha akanigeukia mimi. "Mwambie mama yako mapigo ya mtoto siyasikii. Aende hospitali kubwa leo hii hii." Alama ya mtoto niliijua. Alama ya hospitali niliijua. Ya mapigo ya moyo sikuijua, na jambo lenyewe sikulielewa vizuri. Nikautazama uso wa mama, unaingoja mikono yangu, nikaogopa. Nikamwambia mtoto amelala. Mama akatabasamu, akaitia kadi yake kwenye mkoba, tukarudi nyumbani. Siku ya tatu majirani ndio waliomkimbiza hospitali. Mtoto alikuwa ameshafariki zamani, na mama mwenyewe alinusurika kwa shida.

Muuguzi yule simlaumu. Alikuwa na foleni ya akina mama hadi nje chini ya mwembe, na katika chumba kile mtu pekee aliyeweza kuzungumza naye nilikuwa mimi. Mama naye hajawahi kunilaumu, hata alipokuja kujua nilichomwambia. Nilimweleza mwenyewe nilipofika kidato cha pili. Alinishika mikono yote miwili akaitikisa, akaiachia, basi.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina watoto wangu. Hivi karibuni nilimsindikiza mama kliniki ya presha. Mbele yetu kwenye benchi alikaa mzee kiziwi ninayemfahamu, ameletwa na mjukuu wake aliyevaa sare, saa nne asubuhi, siku ya shule. Nilimwona yule mtoto amesimama kati ya babu na daktari, anautazama mdomo wa huyu na mikono ya yule. Ndipo nikaamua kukuandikia.

Kila mwaka karibu na tarehe 23 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, magazeti huandika habari za viziwi. Kunakuwa na maandamano, mabango na mgeni rasmi, na pembeni ya mgeni rasmi anasimama mkalimani. Tunashukuru kwa siku hiyo, na wazazi wangu huipenda kwa sababu wanakutana na watu waliosoma nao. Lakini mkalimani yule ameletwa kwa ajili ya hotuba. Asubuhi inayofuata, kiziwi anayeamka na homa anaanza kutafuta ndugu wa kwenda naye. Ningependa tuanze kuhesabu wakalimani walioajiriwa na kukaa mahali pamoja mwaka mzima, watu wanaojulikana wanapatikana dirisha gani.

Wapo wanaosema, "Si aandike tu?" Nimelisikia hili mara nyingi mno, na husemwa kwa nia njema. Wasomaji wako waelewe kwamba lugha ya alama si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina mpangilio wake wa maneno, ina namna yake ya kuuliza kwa nyusi na kukanusha kwa kichwa. Kwa kiziwi wa rika la wazazi wangu Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili, tena aliyojifunza bila kuisikia hata siku moja. Mkoa wetu wa Tabora ndio uliotangulia nchini kuwa na shule ya viziwi, mwaka 1963, na tunajivunia hilo. Lakini enzi hizo sehemu nyingi duniani elimu ya viziwi ilisisitiza kutamka na kusoma midomo, na alama zikabaki lugha ya bwenini na ya uwanja wa mpira. Wengi walimaliza darasa la saba wakijua kuandika majina yao na maneno ya kila siku, basi. Baba aliwahi kupewa vidonge vilivyoandikwa "1x3" kwenye bahasha. Hakuna aliyemweleza. Akameza vitatu kwa mpigo, mara moja kwa siku, kwa sababu ndivyo alivyoisoma.

Na mkalimani asiwe yeyote tu aliyesoma kozi ya wiki mbili. Viziwi wa nchi hii walikulia katika shule mbalimbali, na kila shule ilikuza alama zake kabla ya kuwapo juhudi za kuziweka pamoja. Aliyesoma Tabora, aliyesoma Buguruni na aliyesoma Mwanga kule Kilimanjaro wanaelewana, ila kuna maneno watasimama waulizane. Mzee wa miaka 60 hawezi kubadilisha mikono yake ili imfae mkalimani kijana aliyetoka jijini. Ndiyo maana nasisitiza wakalimani watafutwe papa hapa, na viziwi wenyewe ndio wawapime. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kipo na kinawajua wanaoweza. Miongoni mwao tupo sisi watoto wa viziwi tuliokua, ambao tungefurahi kusomea kazi hii na kuifanya kwa mshahara na kiapo cha kutunza siri.

Hapo kwenye siri nikae kidogo, maana ndipo penye uchungu. Watu huniambia mama yangu ana bahati kuwa na binti anayesikia. Wanamaanisha wema. Lakini fikiria wewe msomaji, kila unapokwenda kwa daktari mwanao amekaa katikati. Unataka kupima VVU, unaanza kumweleza mdogo wako. Una tatizo la uzazi, linapita kwanza masikioni mwa mkwe. Baba alipougua tezi dume ni mimi binti yake niliyetafsiri maswali yote ya daktari, mmoja baada ya mwingine, na mzee akawa anajibu huku ameangalia dirishani. Kuna maswali aliyajibu uongo, nilijua ni uongo, na nikautafsiri kama ulivyo. Dada mmoja kiziwi alipigwa na mumewe akakimbilia polisi. Nilipofika kumsaidia nikakuta aliyetangulia kumtafsiria ni shemeji yake, kaka wa huyo mume. Maelezo yalikuwa yameshaandikwa.

Tunapozungumzia kuishi kwa kujitegemea, wengi wanadhani ni mtu mwenye ulemavu kukaa peke yake bila msaada wa mtu. Hakuna binadamu anayeishi hivyo. Mama yangu anajitegemea vizuri sana: alishona nguo miaka 30, akatujengea nyumba, anajua bei ya kila kitambaa sokoni na hapunjwi chenji. Anapopoteza uhuru wake ni pale tu anapofika kwenye ofisi ya umma, ambako maamuzi ya mwili wake na mali yake yanapita mikononi mwangu kwanza. Mimi ndiye ninayechagua nini kimfikie. Nampenda mama yangu, na bado najua nimeshamficha mambo: daktari akisema maneno makali nayalainisha, akitoa maelezo marefu nayafupisha, na siku nikiwa na haraka ya kurudi kazini maswali yake mawili nayafanya moja. Mkalimani aliyesomea kazi hana ruhusa ya kufanya hivyo. Mtoto hana jinsi ya kuacha kufanya hivyo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ibara ya 9 ya mkataba ule inawataja waziwazi wakalimani wa lugha ya alama waliofunzwa kuwa sehemu ya kuyafanya majengo ya umma yafikike, kama ilivyo ngazi mteremko kwa mwenye kiti cha magurudumu. Ibara ya 19 inazungumzia haki ya kuishi katika jamii na kujichagulia maisha. Majirani zetu wameshaiandika lugha ya alama kwenye katiba: Uganda tangu 1995, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akaingia bungeni; Kenya nayo mwaka 2010 ikaifanya lugha ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge lake. Nasi tufike huko. Ila mama yangu hana safari ya bungeni. Ana safari ya kliniki, kila mwezi.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwenye halmashauri, kwa wakurugenzi na madiwani wanaopanga bajeti. Kila halmashauri iajiri walau mkalimani mmoja wa lugha ya alama, akae hospitali ya wilaya, naye awe na simu ya video ili zahanati ya kijijini ikipata mgonjwa kiziwi impigie. Simu janja ziko mikononi mwa wauguzi wengi. Namba yake ibandikwe mapokezi na kwenye mbao zote za matangazo, na kiziwi aweze kumwekea miadi kwa ujumbe mfupi bila kupitia kwa mtu. Siku ambazo hospitalini hakuna mgonjwa kiziwi, kazi haitakosekana: kuna polisi, mahakama, ofisi ya ustawi wa jamii. Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi viziwi hakiwezi kufaidika nayo ikiwa mafunzo ya kuandika mradi na masharti ya marejesho yanatolewa kwa mdomo tu.

Najua jibu litakuwa fedha. Ni mshahara wa mtumishi mmoja. Niliona mwenyewe gharama ya kutokuwa naye: mama alilazwa wiki tatu, aliongezwa damu, na nyumbani tulizika.

Kabla ya bajeti hiyo kupita yapo mambo ya kuanza nayo Jumatatu hii bila senti moja. Viziwi wanapitwa na zamu zao kwa sababu majina yanaitwa kwa sauti. Mama aliwahi kukaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana akiwaona waliomkuta wakiingia na kutoka, na hakujua kwamba ameitwa mara mbili. Kadi yake iandikwe kwa herufi kubwa KIZIWI, na mhudumu ainuke amguse bega au ampungie mkono. Daktari amtazame mgonjwa usoni, si mimi niliyekaa pembeni, na avute barakoa chini anapoweza. Mwenye duka la dawa aonyeshe vidonge kwenye kiganja: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, na jua achore kwa kidole linavyochomoza na kuzama. Na neno "bubu" liachwe. Mama analijua linavyoonekana mdomoni, analitambua kutoka ng'ambo ya barabara.

Nimemwonyesha mama barua hii, nikamtafsiria yote, ikiwa ni pamoja na habari ya yule mtoto. Aliniuliza kama nitaandika jina lake, nikamwambia hapana. Akasema niandike kwamba mtoto alikuwa wa kike, kwa hiyo naandika.

Miadi yake inayofuata ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nimeshaomba ruhusa kazini.

Binti wa wazazi viziwi,
Tabora